Vyombo vya Msiba Alivyoviacha Stoo

Jina lake sitalitaja. Msije mkadhani ni heshima. Silitaji kwa sababu nikilitamka tu presha inapanda, na nesi wa kliniki ameshaniambia nichague, hasira au vidonge. Mtaani kwetu hapa Bariadi tulimwita Mzee wa Stoo, inatosha. Alizaliwa wapi, ukoo wake upi, baba yake aliacha ng'ombe wangapi, kaulizeni wengine. Mimi nilimkuta ameshakuwa mzee, ameshakuwa mkorofi, na ufunguo unaning'inia shingoni kwa kamba ya katani.

Ufunguo ule ulikuwa wa chumba cha nyuma cha nyumba yake. Humo hakukuwa na kitu chake hata kimoja. Kulikuwa na vyombo vya chama chetu cha kufa na kuzikana: masufuria manne makubwa, mapipa mawili ya maji, makarai, mikeka, turubai, sururu na makoleo ya kuchimbia kaburi, na machela ya mabomba ya chuma ya kubebea maiti. Huku kwetu Usukumani mtu anaweza kuishi bila redio, bila choo cha maana, hata bila mke. Bila watu wa kumzika hawezi. Kwa hiyo mtu akifa mtaani, yowe la kwanza halijaisha, tayari kuna mtu ametumwa kwa Mzee wa Stoo.

Na hapo ndipo karaha ilipokuwa inaanza. Maana hakukupa chombo kama binadamu wanavyopeana. Kwanza salamu. Hata kama umekimbia, hata kama kanga imekudondoka njiani, usimame mlangoni useme "Mwangaluka, baba," naye aitikie polepole, aulize habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, ndipo akuulize kilichokuleta. Kana kwamba hajui! Mtaa mzima unalia, yeye hajui. "Nani ametangulia?" Ndivyo alivyouliza siku zote. Umtajie. Halafu: "Na mfiwa yuko wapi? Vyombo havipokelewi na mpita njia."

Zamani alikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Alistaafu na mashati mawili ya kaki yenye mfuko wa kalamu, akaendelea kuyavaa kama vile zamu haijaisha. Kwake dunia yote ilikuwa stoo, na sisi wengine tulikuwa vibarua tuliokuja kuomba gunia.

Nianze na la kwangu, maana ndilo linaloniuma. Mume wangu alipofariki mimi nilikuwa mpangaji nyumba ya pili kutoka kwake. Nimekalishwa kwenye mkeka, nimefunikwa, wanawake wamenizunguka. Nikasikia ugomvi nje. Mzee wa Stoo ameleta masufuria kwa mkokoteni, na amekataa kuyashusha mpaka mjane atoke. Mjane! Wanawake wakamporomoshea matusi ya Kisukuma ambayo siyaandiki hapa. Hakutikisika. Mwishowe nikatoka, nimeshikwa huku na huku, macho yamevimba.

Akaninyooshea sufuria la kwanza. "Gonga, mayu," akasema, yaani mama.

"Nigonge nini?"

"Gonga usikie. Zima linalia, bovu linakoroma. Uyapokee yakiwa yanalia, na mimi nitayapokea yakiwa yanalia."

Nikagonga. Manne yote, moja moja, mbele ya watu, mume wangu yuko ndani hata hajaoshwa. Siku ile nilimchukia, na chuki ile niliitunza vizuri kuliko yeye alivyotunza masufuria yake.

Miaka baadaye jirani mmoja akaniambia kwamba siku ile ile mzee alipasua kuni tangu asubuhi mpaka jua linazama, na magoti yake yale mabovu. Akaniambia pia kwamba alipolaumiwa alijibu: mjane akikaa tu kwenye mkeka anamfuata marehemu, lakini mjane aliyepokea vyombo anajua kuna kazi inamsubiri. Sijui kama ni kweli au ni watu kumpamba. Na kama ni kweli, nani alimwomba anitibu?

Ulimi wake, jamani. Mtu akirudisha sufuria lina masizi, hata kama bado anavuja machozi, aliambiwa: "Masizi ya kwako nenda nayo kwako." Akalisugue kwa majivu na mchanga ndipo arudi. Mke wa mkubwa mmoja wa hapa mjini alirudishwa mara mbili, na gari lake, na dereva wake. Watu wa harusi walipokuja kuazima aliwafukuza. "Harusi ina tarehe," akawaambia. "Mwenye tarehe ajitafutie. Kifo hakipigi simu." Wakasema tutalipa. Akawafungia mlango.

Nyama ya msiba hakuila. Watu wanakula, yeye amesimama karibu na ua, anatoa karanga mfukoni moja moja, anatafuna, anatazama miiko isidondoshwe. Nilimuuliza siku moja, kwa shari tu, kama anatuona tunanuka. Akasema, "Mtunza vyombo akizoea nyama ya msiba, ataanza kuwahesabu wagonjwa."

Lakini kuku wake alizungumza nao kama watoto. "Njooni mama zangu, njooni, nani kawaonea?" Sauti laini, mpaka unachungulia uone kama ni yeye kweli. Ukitokea tu, uso unafungwa.

Na vitu vyake mwenyewe hakuazimisha. Nilimwomba jembe msimu wa dengu, siku moja tu, akasema, "Langu ni langu. La watu ndilo la watu." Eti huyu ndiye ambaye mtaa ulimkabidhi vyombo vyake! Nilifura. Nikaenda kununua jembe langu jipya kwa hasira, nikapita nalo mbele ya mlango wake mara tatu. Akaniambia mpini wake ni mbichi, utapinda. Ukapinda.

Sasa nije kwenye nyumba.

Miguu ilimshinda. Mkewe alishafariki zamani, amezikwa shambani kwao Ngulyati, na binti yake aliyeolewa Lalago akamwambia baba njoo huku, utaanguka peke yako siku moja tusijue. Mimi nauza mitumba sokoni. Miaka kumi na minne nimepanga, nimejinyima, nimekula mlenda mpaka mwili unateleza. Niliposikia mzee anauza, nikasema nyumba hii nainunua mimi.

Siku ya kuikagua nikaona chumba chake cha kulala hakina mlango. Fremu ipo, bawaba zipo, mlango hakuna, ameweka pazia la gunia.

"Mlango uko wapi, mzee?"

"Umezikwa."

Nikajua ananifanyia kejeli. Nikamkatia bei kwa sababu ya mlango ule, na nikamkatia kwelikweli. Akakubali bila neno. Baadaye Mwenyekiti wa chama, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, ndiye aliyenisimulia. Kuna mwaka alikufa mtu stendi, utingo wa lori, hana kitambulisho, hana ndugu. Mzee wa Stoo alikwenda nyumbani, akafungua skrubu za mlango wake mwenyewe, akampelekea fundi atengeneze jeneza. Kwa sababu hakutaka mtu azikwe ndani ya turubai kama gunia la pamba. Halafu hakumwambia mtu.

Mngedhani habari hiyo ilinilainisha. Ndiyo kwanza ikanipandisha hasira! Angeshindwa nini kuniambia? Nimekaa namkatia bei mtu juu ya mlango wa aina ile, na yeye ananitazama tu. Mtu anayeficha wema wake ni mchokozi. Anakuacha utende dhambi huku anakuangalia.

Tukaandikishana ofisi ya mtaa. Karani akaandika kama anavyoandikaga siku zote: nyumba pamoja na vyote vilivyomo ndani. Mzee akasoma neno kwa neno, kidole kikifuata mstari, akatia saini. Mimi nikatia. Hakuna aliyesema lolote kuhusu chumba cha nyuma.

Akahama siku ya soko, mimi nikiwa sokoni. Aliondoka na godoro, redio, baiskeli na kuku wake sita. Niliporudi nikakuta ufunguo umetundikwa kwenye msumari wa mlango wa stoo, na ndani vyombo vyote viko palepale. Hakuniita. Hakuwaita watu wa chama. Mtu aliyenigongesha masufuria manne siku ya kumlilia mume wangu, ameondoka bila kukabidhi hata upawa!

Nikampigia simu.

"Shikamoo mzee. Vyombo vyako vimebaki huku."

"Si vyangu."

"Haya, vya chama. Njoo uwakabidhi wenyewe."

"Vyombo havihami, mayu. Anayehama ni mtu."

"Kwa hiyo nani anavitunza?"

"Nyumba umenunua wewe."

Akakata. Nikaenda kwa Mwenyekiti. Naye akaniambia, bila hata kuinua macho kwenye mahindi yake, kwamba vyombo siku zote viko pale, nyumba iko katikati ya mtaa, na mimi si ni mwanachama? Niendelee kuvitunza, watakaa waone. Hawakukaa. Mtaa mzima uliona ni sawa kabisa, kama vile mtu akinunua nyumba anavyonunua na paa. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nataka. Wiki ya pili mtu akanigongea alfajiri kuniomba makoleo, na akaniita Mama wa Stoo.

Labda ningezoea. Lakini mama yangu akaugua.

Alikuwa kijijini Nkoma, peke yake. Kaka zangu walihama na ng'ombe kwenda Katavi kutafuta malisho, na kule boma limebaki miiba tu. Moyo wake umechoka, miguu imejaa maji, hospitali wakasema akae karibu. Nyumba yangu ina vyumba viwili na sebule. Kimoja nalala na binti zangu. Cha pili ndicho stoo. Nikasogeza masufuria ukutani, nikaweka kitanda. Mama akasimama mlangoni, akaona machela.

"Ng'wanone, mwanangu," akasema, "unanilaza na machela? Unanipima?"

Akakataa kuingia. Akalala sebuleni, chini, msimu wa mvua, maji yanapenya chini ya mlango, kikohozi kikaanza. Mama yangu mzazi, aliyenizaa akaninyonyesha, analala sakafuni kwenye nyumba niliyoinunua, kwa sababu ya masufuria ya watu! Nikampigia tena mzee. Nikampigia mara ya tatu. Mara ya tatu akasema, "Vumilia, mayu. Ndiyo kazi yenyewe."

Vumilia! Nilimkatia simu.

Asubuhi yake akapita yule mnunuzi wa chuma chakavu na mkokoteni wake, kipaza sauti kinaimba betri mbovu, mabati mabovu, masufuria mabovu. Nikamwita. Mkataba wangu ulikuwa mkononi, sijui hata nilikuwa nimemwekea nani. Vyote vilivyomo ndani. Akapakia masufuria, mapipa, makarai, sururu, makoleo. Akasita kwenye machela, nikamwambia beba na hiyo. Mikeka na turubai nikampa bure ili visibaki machoni pangu. Nilijua fika vile ni vyombo vya nini. Sitawadanganya kwamba sikujua.

Nikafagia, nikapaka chokaa, mama akalala kitandani. Kikohozi kikapungua. Siku tisa nilikuwa mtu wa furaha, mnisamehe.

Siku ya kumi mke wa muuza mkaa akafariki. Akaja dada mmoja kunigongea. "Mwangaluka, mayu. Tunaomba vyombo." Nikamwambia havipo. Akacheka, akadhani natania. Nikamfungulia mlango aone kitanda na mama yangu amekaa juu yake.

Msiba ule ulikuwa aibu. Makoleo yalikusanywa nyumba kwa nyumba, moja halina mpini. Ugali ulipikwa kwenye visufuria vya nyumbani, ukawa unaiva kidogo kidogo, watu wa mbali wakaondoka na njaa. Maiti ilibebwa kwenye kitanda cha kamba, kikakatika njiani kuelekea makaburini. Kikakatika, mbele ya mumewe. Muuza mkaa hakunitukana. Aligeuka akanitazama tu, na watu mia wakageuka kufuata macho yake.

Chama kikaniita. Nikaenda na mkataba wangu, kichwa juu. Mwenyekiti akausoma wote, akanirudishia.

"Karatasi ni nzuri," akasema. "Ikuzike."

Nikasema nitanunua vingine, vipya, vizuri zaidi. Mzee mmoja akajibu kutoka nyuma kwamba sufuria linanunuliwa, dharau hainunuliwi. Wakanitenga. Msiojua maana yake niwaambie: hakuna wa kunisalimia, hakuna wa kunikopesha hata moto, na mtu akifa nyumbani kwangu nimbebe mwenyewe, nichimbe mwenyewe. Nani alikuwa wa kufa nyumbani kwangu? Kila mtu pale alijua.

Mama alijua wa kwanza. Watu walipoacha kusalimia mlangoni hakuniuliza sababu. Aliniuliza kitu kimoja tu, anakunywa uji. "Nani atanichimbia?" Nikamwambia nyamaza mama, utapona. Akaacha uji.

Kesho yake nilipanda gari la Maswa, nikaunganisha mpaka Lalago. Njia nzima napanga maneno, na yote yalikuwa ya moto.

Nilimkuta amekaa nje kwa binti yake, miguu imevimba imepita kiasi, anabangua karanga. Sikumsalimia. Kwa mara ya kwanza maishani sikumsalimia, nikaanza. Nikamwambia yeye ni mnafiki. Nikamwambia amewatesa wafiwa miaka yote kwa makabidhiano yake, na zamu yake ilipofika amekimbia kama mwizi wa kuku. Nikamwambia mama yangu anakufa na hatakuwa na watu. Binti yake akatoka jikoni akanitazama, mzee akamwonyesha kwa mkono arudi.

Nilipochoka akauliza, "Machela pia?"

"Machela pia."

Akafumba macho. Nilisubiri anilaani, nilikuwa tayari. Akamwita binti yake. "Nipe viatu."

Binti alikataa, kwamba miguu ile haiingii viatu. Akamjibu basi alete kandambili.

Ndani ya gari nilimfundisha cha kusema. Aseme tu ukweli, kwamba hakunikabidhi, kwamba nilimpigia simu mara tatu. Hilo lingetosha kunipunguzia, labda wangenitoza ng'ombe yakaisha. Mzee alikuwa anatazama mashamba ya pamba, na mimi nikazidi kuchemka.

Tulifika alasiri. Chama kikaitana kwenye baraza la Mwenyekiti, watu kama ishirini, wengine wamesimama. Mzee akasimama kwa fimbo. Walimsalimia kwa heshima, "Mwadila, baba," akaitikia mmoja mmoja. Kisha akasema.

"Vyombo niliuza mimi."

Mtu akacheka kwa mshangao. Yeye akaendelea kwa sauti yake ile ile ya stoo. "Nilimpigia huyu mama simu. Nikamwambia chama kimeridhia, aite mtu wa chuma chakavu, anitumie kilichopatikana. Akatii. Mlipomwita akaleta karatasi, alikuwa ananifichia aibu."

Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Ndivyo?"

Nilikuwa na mdomo. Mnanijua sasa, mdomo ninao. Mtaa mzima unajua ninao. Nikainamisha kichwa, na kwetu mwanamke akiinamisha kichwa mbele ya wazee amekubali.

"Mzee," Mwenyekiti akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "unajua unachokisema? Tuliahidiana kukutoa Lalago tukulaze Ngulyati kwa mkeo. Kwa hili, Ngulyati hatutakuja."

"Najua."

"Hata mmoja."

"Nimesema najua. Mwondoleeni huyu. Ana mgonjwa."

Wakaniondolea kutengwa palepale. Muuza mkaa alikuwa wa kwanza kunipa mkono, akaniambia pole, dada yangu, tulikuonea. Nilishika ule mkono. Mzee alikuwa bado amesimama. Watu wakaanza kuondoka wakipita pembeni yake, mmoja mmoja, na wale wale waliomwamkia walipoingia hawakumuaga walipotoka. Alisubiri mpaka baraza likabaki tupu, kama mtu anayesubiri chombo cha mwisho kirudishwe.

Nilimpeleka stendi kwa bajaji. Njiani nikamfokea.

"Nani alikutuma udanganye? Nilikwambia useme ukweli!"

"Ukweli wangeujadili miezi mitatu. Mama yako hana miezi mitatu."

"Na wewe?"

Akapangusa kandambili yake kwa fimbo, imeingia tope. "Mimi nilikosa, mayu. Nilipaswa kuwaita niwakabidhi. Nilijua nitalia mbele ya watu, nikaona aibu, nikatundika ufunguo nikaondoka. Uzee mzima, nikaogopa kulia." Gari likapiga honi. Akapanda kwa shida, akakaa dirishani. "Ukishamzika, ukitaka kawaambie. Usipotaka, acha."

Hata kwaheri hakusema. Mkorofi mpaka mwisho.

Mama alifariki wiki tatu baada ya hapo. Chama kilikuwa kimenunua vyombo vipya, vimewekwa kwa Mwenyekiti. Watu walikuja, na walikuja wengi. Kaburi lilichimbwa na vijana kumi na wawili kwa zamu, ng'ombe alichinjwa, ugali ulitosha ukabaki. Mama alizikwa na watu. Nilisimama pembeni ya kaburi nikimlaani mzee yule moyoni, maana kila koleo la udongo lililoingia lilikuwa limetoka kwake, na mimi sikumwomba. Nilimwomba ukweli. Ukweli ningeulipia mwenyewe. Hili alilonipa sijui nililipe kwa kitu gani.

Basi si useme tu? Ndivyo mnavyofikiri. Nikisema natengwa tena, na safari hii hawatanirudisha, maana nitakuwa nimeuza vyombo, nimemwacha mzee wa watu aaibishwe, na nimemzika mama kwa uongo juu yake. Nina presha. Nina mabinti wawili. Naogopa, ndiyo maana nimekasirika, na nimekasirika ili nisione kwamba naogopa.

Leo asubuhi binti yake amepiga simu kutoka Lalago. Amesema baba hali chakula tena, anakunywa maji tu, na maji nayo anayatapika. Baba hakumwambia lolote kuhusu ile safari yetu. Ameniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza jambo lililo wazi, kama nitawaarifu watu wa chama wajiandae, maana baba siku zote amesema wao ndio watakaompeleka Ngulyati.

"Watakuja?" akauliza.

Nikasema, "Watakuja."

Mwenyekiti yuko ng'ambo ya barabara, amekaa barazani kwake anapukuchua mahindi. Namwona kutoka hapa. Ni hatua kama arobaini. Tangu simu ile ikatike nimesimama mara mbili, na mara zote mbili nimekaa.